Maswali na Majibu: Gari la Mtumba na Hesabu za Kiwandani

SWALI: Nikinunua IST iliyotumika katika yadi ya hapa Mwanza, Toyota inapata nini? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Shilingi zako haziendi kiwandani, lakini soko unalolilisha lilishapigiwa hesabu huko. Nchini Japani gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda; mwenyewe huona afadhali aliuze, na kwa kuwa wanunuzi wa ng'ambo wapo, hupata cha kuongezea anunue jipya. Katika ukodishaji wa mkataba, yaani kutumia gari jipya kwa muda maalumu kisha kulirudisha, hesabu hii ya mtumba iko wazi zaidi, kwani mteja hulipa tofauti kati ya bei ya gari jipya na thamani ambayo gari linatarajiwa kubaki nayo siku ya kulirudisha, pamoja na riba. Makadirio hayo yakikosewa, hasara ni ya kampuni inayokodisha: mwaka 2008 mafuta yalipopanda bei Marekani na magari makubwa yaliyotumika yakaporomoka thamani, Chrysler Financial, kampuni ya mikopo ya magari ya Chrysler, ilisitisha ukodishaji huo. Msidhani, basi, kwamba spea za magari hayo zinazojaa Buzuruga, hapa Mwanza, ni hisani ya mtu.

SWALI: Ninunue namba D au namba E? (Wengi, tena na tena)

JIBU: Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lini liliundwa. Someni kadi, na mkaguzi awe fundi wenu, si dalali.

SWALI: Kwa nini wasituundie gari jipya la bei nafuu? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Mtumba wao wenyewe ungelishinda. Miaka ya 1920 Ford Model T, licha ya bei yake nafuu, ilibanwa na magari yaliyotumika yenye starehe zaidi, huku mshindani wake General Motors, ikiongozwa na Alfred Sloan, ikikopesha wanunuzi, ikipokea gari kuukuu kama sehemu ya malipo na kubadili sura ya magari kila mwaka ili la mwaka jana lichoshe macho. Mnaolipia taa za "toleo jipya" kwa mkopo wa riba kubwa, mbinu hiyo bado inawala.

SWALI: Vipi gari la umeme lililotumika? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Mwaka 2023 Tesla ilipunguza bei ya magari mapya mara kadhaa, na yaliyotumika yakashuka nayo; Januari 2024 Hertz, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari, ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, kwa hasara. Muuzaji asipokuonyesha kipimo cha afya ya betri, usitoe hata pesa ya kishika nafasi.