Kabla Hujalipia Windows Mpya, Tazama Mashine Inakatia Wapi

Juzi msomaji mmoja wa Songea kaniandikia: "Dada, samahani kwa usumbufu. Kompyuta ya mezani ya steshenari yangu inajizima na kujiwasha, haifiki popote: nembo ya Windows inatokea, kioo cha bluu kinapita, basi. Ni Windows 7, imeanza baada ya kubadilishwa betri ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Fundi anasema apige Windows upya, ikigoma basi mazabodi imekufa. Nimpe hela?"

Usimpe, mdogo wangu. Ngoja kwanza.

Maneno hayo nami niliambiwa, tena msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wanafunzi wamejaa hadi barazani na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Wenye steshenari mnaelewa. Wiki zile ndizo zinazolipa pango. Mashine yangu kubwa, mtumba wa Dubai, ikaanza vituko vya asubuhi. Ukibonyeza, taa inawaka, feni inazunguka, na kabla nembo yoyote haijatokea kwenye kioo inakata. Inajiwasha, inakata. Ikishahangaika hivyo kwa muda, ghafla inakubali, na hapo inapiga kazi mpaka jioni bila shida.

Fundi niliyempelekea aliipokea mchana. Ikawaka vizuri, akapiga Windows, akachukua chake. Kesho yake asubuhi, yale yale. Nikamrudishia, akapiga tena, na safari hii akanipa na ushauri: mazabodi imeoza, yeye ana mashine nzuri ya kuniuzia. Nilipomuuliza kwa nini asubuhi tu, akacheka mbele ya wateja wangu. "Dada, wewe chapa barua. Mambo ya umeme tuachie sisi."

Bado naikumbuka ile sauti. Sitamtaja, ila kama anasoma hapa atajijua.

Usiku ule nikawaza jambo moja tu. Windows inakaa kwenye diski. Mashine yangu inakata hata nembo haijatokea, maana yake diski yenyewe haijafikiwa. Sasa Windows mpya inatibu nini? Asubuhi nikachomoa nyaya za diski zote, nikawasha. Ikakata vile vile. Basi, hapo diski na Windows nikazitoa kwenye orodha, bila kumlipa mtu.

Nikahamia kwenye ramu, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikaitoa moja, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikaiwasha na moja moja kwa zamu. Hakuna mabadiliko. Ndipo nikaazima pawa saplai (lile boksi linaloigawia mashine umeme) ya mashine ya pili, ya aina ile ile, nikaifunga asubuhi na mapema kabla chochote hakijapata joto. Ikawaka mara moja, na nembo hiyo! Fundi redio wa jirani akaja na mita yake akaipima ile ya zamani: waya wa njano, ambao unatakiwa kutoa volti 12 na usishuke chini ya 11.4, ulikuwa unayumba chini ya hapo kila mashine inapoanza. Kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, zikichoka huwa mbaya zaidi zikiwa za baridi. Zikipata joto hujikongoja. Ndiyo maana mchana kwa fundi ilikuwa inajifanya nzima.

Pawa saplai niliyonunua mjini haikufika hata nusu ya bei ya ile mashine "nzuri". Na makala haya nayaandikia kwenye mashine ile ile yenye mazabodi "iliyooza".

Angalizo: lile boksi la pawa saplai usilifungue, hata kama limechomolewa ukutani, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme. Na mashine nyingi za kiofisi zina plagi za kwao, si ile ya pini 24 ya kawaida. Hesabu pini kabla hujanunua.

Sasa twende kwako. Ujumbe wako una jambo umelipitia haraka: yako inafika kwenye nembo ya Windows, kioo cha bluu kinapita kama radi, ndipo inajiwasha upya. Na imeanza baada ya fundi kubadilisha betri ya mazabodi. Kwa hiyo yako si ugonjwa wa yangu. Inakatia mahali pengine.

Kwa kuwa ni Windows 7, bonyeza F8 mfululizo inapowaka, uchague mstari wa kuzuia isijiwashe upya ikipata hitilafu. Kioo cha bluu kitatulia. Ukiona namba 0x0000007B, Windows imeshindwa kuifikia diski. Betri ikitolewa, mipangilio ya biosi, programu ya kwanza inayoiamsha mashine, inaweza kurudi ya kiwandani, na ile ya SATA, yaani namna mashine inavyozungumza na diski, inaweza kuruka kutoka hali ya AHCI kwenda IDE au kinyume chake. Ingia biosi, igeuze, hifadhi, washa. Data zako zote zitakuwepo, ilhali ukimruhusu apige Windows, mafaili ya wateja wako yanaweza kufutwa.

Nawaambia na wengine mnaotaka kusimama na ofisi zenu, hasa wadogo zangu wa kike: msikabidhi mashine kabla hamjaitazama inakatia wapi. Kabla ya nembo? Baada ya nembo? Ikiwa na kazi nzito, feni imeziba vumbi? Andika, mwambie fundi ajibu hilo kwanza. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, beba mashine yako uondoke, wala usione haya.

Wa Songea, kama namba itakayotokea ni nyingine, ipige picha kwa simu unitumie kabla hujagusa kitu.