Ukipata msiba wa mwanajeshi, anza na karatasi

Wewe unayeanza kazi kwenye nyumba ya mazishi hapa Marekani: siku utakayoletewa msiba wa aliyekuwa mwanajeshi, ukishatoa pole, uliza DD 214 iko wapi. Ndiyo hati aliyopewa alipotoka jeshini. Inaonyesha alitumikia jeshi gani, miaka ipi, na aliondokaje, maana aliyefukuzwa kwa aibu hapigiwi hata tarumbeta. Waambie wafiwa watafute kwenye sanduku la pasipoti na chini ya godoro. Isipopatikana, nakala huombwa St. Louis kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi, na useme wazi kuwa ni ya mazishi ili itangulizwe. Kwa wazee walioacha jeshi kabla ya 1960 jiandae: moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili hapo.

Wengi hudhani jeshi likisikia mtu wake kafariki litakuja lenyewe kumpa heshima za kijeshi mazishini. Haliji. Tangu mwaka 2000 sheria inampa marehemu haki hiyo, ila sharti familia iombe, na anayepeleka maombi kwa kawaida ni sisi. Vikosi vingi hutaka taarifa ya saa 48 hivi. Kwa Waislamu wanaotaka kuzika kesho adhuhuri, saa hizo ni nyingi mno. Piga simu hata kabla maiti haijaoshwa.

Mizinga usimwahidi mtu. Kila familia itakutajia "mizinga 21", ambayo ni ya marais. Sheria inahakikisha askari wawili wenye sare, mmoja wao wa jeshi la marehemu, bendera ikunjwe na kukabidhiwa, na Taps, wimbo wa tarumbeta wa kumwaga askari, ipigwe. Bunduki zikipatikana, hupigwa mara tatu, mara nyingi na wazee wa kujitolea wa American Legion au VFW, vyama vya wanajeshi wa zamani. Mpigaji tarumbeta wa kweli naye ni adimu. Utamwona askari kainua tarumbeta lakini mashavu hayatuni: ndani mna kispika, kabonyeza kitufe tu. Siku moja kilizimika katikati ya wimbo. Tukabaki na upepo wa makaburini, askari wa watu kashikilia tarumbeta mdomoni hajui aishushe au vipi. Tangu hapo naulizia betri kabla jeneza halijashuka garini, na sioni haya.

Bendera huombwa kwa fomu 27-2008, na nyingi hutolewa posta; piga kwanza, si kila posta inazo. Juu ya jeneza, nyota zikae upande wa kichwa, bega la kushoto. Haiingii kaburini wala haigusi ardhi. Hukunjwa mara 13 mpaka ibaki pembetatu ya buluu yenye nyota, kisha askari huinama mbele ya mpokeaji na kumpa.

Mpokeaji ni nani? Hapo ndipo nilipoumbuka. Tulimzika mzee mmoja Mkenya, na kiti cha mbele wamekaa mjane na binti wa mke wa kwanza, kila mmoja mikono iko tayari mapajani. Askari akasimama na bendera yake, akanitazama mimi. Sikuwa nimeuliza. Nikamwonyesha mjane kwa kidevu. Binti akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Siku hizi naandika jina na kiti kwenye kikaratasi, nampa kiongozi wa kikosi asubuhi. Serikali hutoa bendera moja. Familia ikitaka kununua ya pili, mwulize kiongozi wa kikosi mapema kama watakubali kuikabidhi nayo.

Mwili ukisafirishwa Kenya au Tanzania, heshima zifanyike huku, kwenye ibada ya kuaga, kabla ya uwanja wa ndege. Kikosi hakitawafuata Kisumu. Ila jiwe la kaburi serikali hulitoa bure hata kama kaburi liko nje ya Marekani. Hilo familia nyingi hazijui, kwa hiyo fomu yake wape pamoja na nakala kadhaa za DD 214.