Nyumba ya mbao visiwani: joto lizuie juu kwanza

Anayeanza kujijengea nyumba ya mbao huku Unguja, swali lake la kwanza huwa kuta zijazwe nini. Kuta zisubiri. Tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko utosini, na bati likishapata moto linalimwaga joto lote chumbani. Ukuta wa magharibi unapigwa jua la alasiri na jioni tu, na upenu mrefu unaupunguzia.

Chini ya bati acha nafasi ya hewa kama shibiri moja, yenye matundu upenuni na kileleni ili hewa ya moto ipande itoke. Matundu uyazibe kwa wavu wa chuma. Popo na panya hawangoji mwaliko wa kuhamia. Kisha juu ya dari tandaza usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi.

Usumba nausifu: hauozi upesi, na kati ya nyuzi zake hewa imetulia. Hewa hiyo ndiyo inayozuia joto, kwa hiyo usiushindilie. Ila uangalie umetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa miezi yanatoa nyuzi nzuri za kamba, lakini zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ikifika masika, usumba huo unakaa majimaji juu ya dari, misumari inaliwa na kutu, ubao unaota ukungu. Suuza kwa maji ya kisima, yamwage, suuza tena. Lamba uzi mmoja. Ukisikia chumvi, rudia. Uchovye kwenye maji ya boraksi kwa ajili ya wadudu, uanike mpaka ukauke kabisa. Na kwa kuwa unashika moto, nyaya zote za umeme zipite ndani ya bomba.

Nguzo zisiguse udongo. Ziweke juu ya msingi wa mawe unaoonekana pande zote, ili vinjia vya mchwa uvione mapema.

Mtaona mafundi wa Ulaya wakitandika nailoni upande wa ndani wa ukuta. Kwao wanazuia mvuke wa chumba chenye moto usiingie kwenye ukuta wa baridi. Hapa unyevu unaingia kutoka nje. Chumba kisicho na kiyoyozi hakihitaji nailoni. Kandika udongo, paka chokaa, ukuta upumue. Ukitia kiyoyozi, nailoni ya ndani ndiyo mbaya zaidi: mvuke wa nje unafika pale penye baridi, unageuka maji, na mbao zinaoza kwa siri.