Barua kwa Mwanangu: Vyungu Vitano vya Dirishani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kama nilivyozoea nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya maabara. Unaniambia kwamba wiki kumi za utafiti wa kiangazi zimekwisha, kwamba Alhamisi ninyi wanafunzi wa shahada ya kwanza mtasimama mbele ya mabango yenu ya utafiti hapo Urbana, Marekani, na kwamba mahindi uliyoyapanda pamoja na kuvu ya mizizi, ile inayoishi kwenye mizizi ya mmea, hayakustahimili ukame zaidi kuliko yale yasiyo na kuvu. Kisha unauliza: ukiviondoa vyungu vitano vilivyokaa karibu na dirisha, tofauti inaonekana, je, uviondoe?

Usiviondoe. Kama ungekuwa umeandika kabla ya kupima kwamba chungu chochote kitakachochomwa na jua la dirishani kitaachwa, ningekujibu vingine. Lakini habari ya dirisha umeikumbuka baada ya kuona vyungu hivyo vinakuharibia grafu. Weka grafu ya vyungu vyote 40, na chini yake ueleze kwa herufi zinazosomeka kwamba vitano vilikaa dirishani na kwamba bila hivyo hali inakuwa hivi na hivi. Tena nimeona katika jedwali lako jambo ambalo hukuligusa: vyote vitano ni vyenye kuvu. Kwa nini vyungu havikupangwa kwa kura, ili vyenye kuvu na visivyo nayo vyote viwe na nafasi sawa ya kuangukia dirishani? Hapo ndipo jaribio lako lilipopata ufa, mwanangu, na ni afadhali ulitaje wewe mwenyewe kuliko kungoja mgeni akuulize.

Unamfahamu Erasto Mpemba, maana hapa Iringa hatuchoki kumtaja. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya ule uliopoa, na aliposema akachekwa na mwalimu na wenzake. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa hapa Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, naye akamwagiza fundi wake ajaribu. Fundi akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba watalirudia jaribio hilo mpaka wapate jibu sahihi! Osborne na Mpemba waliyaandika hayo yote katika makala yao ya mwaka 1969, hata maneno ya fundi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima tena kwa uangalifu na hawakuupata ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo hutokea, nao pia wakachapisha walichokiona. Ninayemfikiria zaidi katika kisa hicho ni yule fundi, kwa sababu nami nilikuwa fundi wa maabara.

Sijawahi kukuambia hili. Katika shule moja niliyofanyia kazi, siku za taitresheni, yaani jaribio la kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine ili kupima nguvu yake, nilikuwa nikipita kati ya meza na kumnong'oneza mwanafunzi aliyepata 27.3 kwenye bureti, ule mrija wa kupimia, kwamba jibu la mwalimu ni 25.0. Nilijiona nawaonea huruma. Madaftari yote yalitoka na namba moja, na kwa miaka miwili hakuna aliyegundua kwamba bureti mbili zilikuwa zikivuja.

Kuhusu kuzungumza mbele ya bango, jiandae kwa dakika mbili tu, kwa kuwa watu watapita wakiwa na kikombe cha kahawa mkononi na wengi hawatasimama zaidi ya hapo. Anza na swali lako, si na shukrani. Waambie ulipanda vyungu vingapi na ulivinyima maji kwa siku ngapi, kisha uwaoneshe grafu na kunyamaza kidogo ili waitazame. Usisome bango, wanaweza kulisoma wenyewe. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na uandike swali hilo mbele ya aliyeuliza. Nimeona wataalamu wakubwa wakishindwa kufanya hivyo.

Usione haya kusema kwamba wiki kumi ni chache. Hapo hapo chuoni kwenu kuna yale mashamba ya Morrow, yanayolimwa mahindi kwa ajili ya majaribio tangu mwaka 1876, na wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia kwamba maktaba ilijengwa chini ya ardhi ili kivuli chake kisiyafikie. Watu waliojali kivuli kiasi hicho watakuelewa ukiwaeleza habari ya dirisha.

Fedha zisikutie hofu. Najua ule mpango wa serikali ya Marekani wa utafiti wa wanafunzi, ulioanza mwaka 1987, huwalipa raia na wakazi wa kudumu tu, na kwamba chuo kilikutafutia posho kutoka mfuko wake, ndiyo maana unajiona una deni la kuwafurahisha. Walikulipa upime, nawe umepima.

Kikao chenu kitaanza saa nne asubuhi, na huku itakuwa saa kumi na mbili jioni, baba yako akifungia kuku. Usitupigie kabla hujamaliza. Nitumie picha ya bango lenyewe, uipige kwa karibu, maana nataka kuvihesabu vyungu.

Mama yako