Taarifa ya Alhamisi: kwa afisa elimu kata mgeni wa Dodoma

Mwalimu mwenzangu uliyepewa barua ya kuwa afisa elimu kata na sasa unafunga mizigo kuja huku kwetu, hongera na karibu. Majukumu yako umeshayasoma kwenye barua: kusimamia shule za kata, kufuatilia ufundishaji, kukusanya takwimu na kuzipeleka halmashauri. Ipo kazi moja ambayo barua yangu haikuitaja, na sidhani kama yako imeitaja, lakini kwa miaka saba nimeiona ikizibeba zile nyingine zote. Ni taarifa ya kila wiki kwa wananchi.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Kwa mambo ya shule, miezi mitatu ni mingi mno. Mtoto akianza utoro Februari wakati wa palizi, nawe ukaja kumzungumzia kwenye mkutano wa Aprili, umeshampoteza. Kama ni mvulana, yuko porini anachunga ng'ombe wa watu. Kama ni msichana, huenda yuko mjini kwenye nyumba ya mtu analea mtoto asiye wake. Ndani ya wiki moja bado yupo kijijini, na mama yake bado ana nguvu ya kumrudisha.

Taarifa yangu ya kwanza niliiandika kama ninavyoandika ya halmashauri. Nilijaza asilimia za mahudhurio, nikaandika "tathmini ya umahiri wa KKK", yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nikaongeza changamoto tano na mikakati mitano. Nikampa mwenyekiti wa kitongoji aisome mkutanoni chini ya mbuyu, kwa kuwa wazee wengi wanaelewa zaidi Kigogo. Alisalimia vizuri, "Mbukwenyi", akaanza. Alipofika kwenye umahiri alinyamaza kidogo, akaangalia karatasi, kisha akasema kwa Kigogo sentensi moja fupi. Nilimuuliza jirani yangu amesema nini. "Amesema watoto wanaendelea vizuri." Nilikuwa nimeandika kwamba nusu ya darasa la pili hawajui kusoma.

Simlaumu yule mzee. Nilimpa maneno yasiyotafsirika. Tangu siku hiyo kila sentensi naisoma kwa sauti kabla ya kuiandika upya, na ninajiuliza kama mtu anaweza kuigeuza Kigogo akiwa amesimama. "Ufaulu umeshuka" haigeuki. "Watoto ishirini wa darasa la pili hawajui kusoma sentensi hii: Mama anapika uji" inageuka, na inauma. Asilimia ziache ziende halmashauri, zina kazi yake huko. Kijijini hesabu vichwa. Ukisema watoto 14, mzazi anaanza kuwataja moyoni mmoja mmoja, na mara nyingi anawajua kuliko wewe.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Kila taarifa ianze na ulichoahidi wiki iliyopita. Usianze na salamu ndefu wala na mgeni aliyetembelea shule. Andika: tulisema tutafanya hivi, tumefanya au hatujafanya, sababu ni hii, tutafanya siku fulani. Watu wa huku wamesomewa taarifa nyingi zinazoanza na mipango mipya. Hawajazoea kusomewa deni la jana. Mwezi wa kwanza watakusikiliza kwa heshima tu, na mwezi wa pili wataanza kukukumbusha wenyewe. Ukisikia mama mmoja kisimani anamuuliza mwenzake, "Eti ile bomba waliyosema Alhamisi imefungwa?", taarifa yako imeanza kufanya kazi.

Nikupe mfano wa taarifa moja ya Januari, kama ilivyosomwa:

"Wiki iliyopita tuliahidi kumleta fundi wa kisima cha shule. Amekuja Jumanne. Bomba limeoza, tunasubiri bei, Alhamisi ijayo tutaitaja. Wiki hii watoto 14 wa darasa la tatu hawakuja siku mbili mfululizo. Wengi wanatoka ng'ambo ya korongo. Korongo likijaa, mtoto abaki nyumbani, hataadhibiwa. Maji yakishuka, tunaomba watu wazima wawili wasimame pale saa moja asubuhi wawavushe wadogo. Mwalimu wa zamu atakuwepo Jumatatu."

Basi, imeishia hapo. Jumatatu walikuja watu wazima wanne, mmoja wao bibi aliyekuja na fimbo ya kupimia kina. Wiki iliyofuata nilianza na hao wanne, nikiwashukuru kwa kutaja kitongoji chao, kisha bei ya bomba. Ombi ni moja, lina mahali, siku na saa. Ukiwaambia wazazi "washirikiane na walimu", hakuna atakayejua aamke saa ngapi kwenda kushirikiana.

Kwenye fedha nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nilipoumia.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu. Mwananchi anaisikia hiyo 10,000 redioni. Anaizidisha kwa idadi ya watoto wa shule yake, anapata mamilioni, kisha anaangalia choo cha shule. Mwalimu mkuu asipotangaza kilichoingia kwenye akaunti, kimeingia lini na kimenunua nini, ile hesabu ya redioni ndiyo itakayobaki, na tofauti itajazwa na maneno ya watu. Hawakosei kuuliza. Kwa hiyo kila fedha inapoingia, wiki hiyohiyo iandikwe: kiasi, tarehe, matumizi. Karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na ofisi ya kijiji, yenye sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya shule.

Mwaka mmoja wananchi walijichanga wakasimamisha boma la darasa, wakachanga tena ili tununue saruji na mabati. Fedha ilitolewa benki mbele ya kamati, ikalipwa kwa muuzaji, na muuzaji akachelewesha mzigo. Wiki ya kwanza nikaona haina haja ya kuandika, mzigo uko njiani. Wiki ya pili niliona aibu. Wiki ya tatu mwalimu mkuu aliniambia wazazi wameacha kuleta mahindi ya uji. Hawakugombana na mtu, waliacha tu. Watoto wakawa wanaondoka saa sita mchana kwa njaa. Tulipobandika risiti, jina la kilichonunuliwa na siku zilizochelewa, saruji ilikuwa imeshafika, lakini mahindi yalichukua muhula mzima kurudi. Wiki tatu za ukimya wangu watoto wa darasa la kwanza walizilipa kwa matumbo yao. Ningeandika siku ileile, "Tumelipa, mzigo haujafika, tunaufuatilia", wangenung'unika siku mbili wakaendelea.

Na chakula chenyewe kina msimu wake. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umemwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa, ila hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Wageni wengi wanaomba mchango wa chakula Januari shule zinapofunguliwa. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na Januari na Februari ndiyo miezi ambayo ghala ziko tupu. Unamwomba debe mtu anayekopa kibaba. Omba Juni na Julai, watu wakiwa wamevuna na kabla wanunuzi hawajabeba gunia kwenda soko la nafaka la Kibaigwa. Pokea mtama na uwele pia, si mahindi peke yake, kwa sababu kuna vitongoji ambavyo mahindi yamekauka lakini uwele umesimama. Kisha kila Alhamisi andika gunia ngapi zimebaki stoo. Mwaka tulioanza kuandika hivyo, uji ulidumu mpaka Machi.

Zaidi ya hapo kalenda utaijua mwenyewe ukikaa mwaka mmoja. Kwelea kwelea wakishuka kwenye mtama, watoto wanabaki shambani kuamia ndege, na taarifa yako iseme hivyo bila kuwaita watoro. Septemba ni mtihani wa darasa la saba. Kuanzia Oktoba, uandikishaji wa awali na wa darasa la kwanza.

Kuhusu majina ya watoto: usiyataje. Hata kwa sifa. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali iliporuhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi katika mfumo rasmi, binti mmoja wa kata yetu alirudi sekondari. Nilifurahi mno. Nilitaka wazazi wengine wapate moyo, nikaandika habari yake. Jina sikuliandika, lakini niliandika kidato na kitongoji, na kwenye kitongoji kile nani asingemjua? Ilisomwa Jumapili kanisani, akiwa amekaa pale na mama yake. Jumatatu hakuja shule. Mama yake alinijia jioni, akanisalimia kwa adabu zote, akasema, "Mwalimu, mwanangu alikuwa ameanza kusahaulika." Nilikwenda kwao nikaomba radhi kwa binti mwenyewe, si kwa mama tu. Alirudi baada ya wiki mbili na alimaliza kidato cha nne. Mpaka leo nikiandika taarifa, sentensi yoyote yenye mtoto ndani yake naisoma kana kwamba yeye amekaa benchi la mbele.

Walimu nao wana heshima yao. Mwalimu mkuu asikutane na habari mbaya ya shule yake kwa mara ya kwanza ubaoni. Mpigie Jumatano, msomee, msikilize. Mara kadhaa nimekuta takwimu yangu ndiyo yenye makosa. Mtendaji wa kata naye aione kabla haijatoka, kwa sababu wananchi wakija na maswali wataanzia kwake. Lakini usikubali kuombwa uondoe jambo la kweli ili tu wiki ipite vizuri. Badala yake ongeza mstari wa hatua inayochukuliwa. Habari za viongozi na nani kaahidi nini jukwaani ziachie wenyewe, taarifa hii ni ya watoto.

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Ijumaa kuna msikiti, Jumapili kuna kanisa, na katikati kuna mnada kwenye vijiji vingi. Ukimaliza Alhamisi jioni, imamu anaipata kabla ya sala ya Ijumaa, na katekista na mchungaji wanaipata mapema wakaipanga kwenye matangazo. Kundi la WhatsApp lifungue, lakini usijidanganye nalo. Kwenye kundi letu wengi ni walimu, wenye maduka na vijana waliohamia mjini. Bibi anayelea wajukuu watano hana simu janja, na watoto wake watano ndio ninaowahangaikia zaidi. Kwake inafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mdomo. Kwa hiyo isizidi nusu ukurasa. Ikizidi, wasomaji wataikata wenyewe, na huwezi kuchagua watakata wapi.

Karatasi ya ubaoni andika kwa kalamu ya wino mzito, kwa mkono kama printa haipo, na uifunge kwa pini nne. Upepo wa Julai wa huku utauona mwenyewe.

Mwisho wa taarifa acha mstari wa maswali: siku gani unakuwepo ofisini, na nani anapokea swali kama haupo. Swali lolote linalokuja, hata la kukuchoma, lijibu Alhamisi inayofuata bila kumtaja aliyeuliza. Kuna mzee aliniuliza kwa nini walimu wa shule fulani wanaondoka Ijumaa saa nne kuwahi gari la mjini. Ilikuwa kweli. Nilikaa nao, tukakubaliana, nikaandika kwamba vipindi vya Ijumaa sasa vinaisha kwa ratiba na kwamba mtu yeyote apite aone. Yule mzee alipita Ijumaa tatu mfululizo na mkongojo wake, akakaa chini ya mwarobaini wa shule mpaka kengele ya mwisho. Ya nne hakuja.

Nunua daftari kubwa, lile la jalada gumu. Upande wa kushoto andika ahadi na tarehe yake, kulia andika siku ilipotimia. Jumatano usiku, kabla hujagusa kitu kingine, fungua upande wa kulia uone palipo wazi, hapo ndipo taarifa yako inapoanzia. Siku ukihamishwa usiondoke nalo. Mkabidhi anayekuja mbele ya mtendaji, pamoja na ufunguo wa ofisi na pikipiki, na mistari iliyobaki wazi mwonyeshe kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, ili Alhamisi yake ya kwanza awe na cha kuanzia.