Nyonga Yangu, Mkeka wa Msiba na Miaka Iliyoliwa na Aibu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nina miaka 23. Nyonga ya kushoto inaniuma tangu nikiwa kidato cha tatu, na sasa kutoka hosteli hadi ndaki ninasimama mara tatu njiani nikijifanya ninasoma simu. Nifanyeje nimalize shahada?" Nilipofika kwenye maneno ya kujifanya anasoma simu niliiweka simu yangu mezani nikanyamaza, kwa kuwa hila hiyo ninaijua vizuri. Mimi katika umri wake nilikuwa nikiinama na kujifanya ninafunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa viatu visivyo na kamba.

Nilitaka kumjibu kwa aya mbili. Imeshindikana, kwa hiyo ninamjibu hapa, mbele yenu nyote.

Nilizaliwa Mpwapwa, mtoto wa kwanza wa mama yangu, na nilitanguliza makalio badala ya kichwa. Ukimweleza daktari wa mifupa mambo hayo, kwamba ni mtoto wa kike, mzaliwa wa kwanza na aliyetanguliza makalio, atakutazama nyonga kabla hujamaliza sentensi, maana hayo yote yamo katika orodha ya vitu vinavyoongeza uwezekano wa nyonga kutokomaa sawasawa. Mwaka niliozaliwa hakuna aliyenitazama. Nilichelewa kutembea, na nilipotembea niliyumba, lakini bibi alisema nina mwendo wa madaha na familia ikaridhika.

Tatizo lenyewe si gumu kulielewa kwa yeyote aliyewahi kutwanga. Kichwa cha fupa la paja kinapaswa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi unavyokaa ndani ya kinu. Kinu changu cha kushoto hakikuchimbika vya kutosha, kwa hiyo mchi unaegemea ukingoni, na uzito wote wa mwili unaangukia sehemu ndogo ya gegedu, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, badala ya kutawanyika. Kila unapotembea na kuegemea mguu mmoja, nyonga hubeba mzigo unaokaribia mara tatu ya uzito wako. Mzigo huo ukipita miaka mingi kwenye ukingo mwembamba, gegedu husagika mapema, na mtu wa miaka thelathini anajikuta na nyonga ya mzee.

Maumivu yalianza nikiwa sekondari. Yalikaa kwenye kinena, yakashuka pajani, na mara nyingi yaliishia gotini, jambo lililowapoteza wengi pamoja na mimi mwenyewe. Goti langu lilipigwa picha mara mbili katika hospitali mbili tofauti ambazo sitazitaja, na goti halikuwa na kosa lolote. Nilichomwa sindano za yabisi. Nilitibiwa mkojo. Jirani mmoja aliapa kwamba nilikuwa nimekanyaga kitu nilichotegewa njiani. Katika hekaheka hizo zote hakuna aliyeshika paja langu akalizungusha taratibu kuona nyonga inavyoitika, na mimi, kwa kuogopa kuonekana mlemavu kabla sijaolewa, sikusisitiza. Nilijifunza kutembea polepole kwa namna iliyofanana na kiburi, na watu wakasema ninaringa. Nilipendelea waseme hivyo.

Mwaka 2017, wizara zilipokuwa zikihamia Dodoma, nami nilihamishwa pamoja na majalada yangu. Ninafanya kazi masijala, na asiyeijua masijala hudhani ni kazi ya kukaa. Siku nzima unasimama, unachuchumaa kwenye rafu ya chini, unainuka na jalada, unapanda ngazi fupi kufikia rafu ya juu, unashuka. Msimamizi wangu wa wakati huo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ninajidekeza. Sijalisahau neno hilo na sidhani kama nitalisahau, ingawa leo kiti cha mkuu wa masijala ninakikalia mimi.

Mwaka uliofuata, baada ya usiku wa tatu wa kushindwa kugeuka kitandani, nilikwenda kwa daktari bingwa wa mifupa. Aliagiza picha ya nyonga zote mbili, akaiinua kwenye mwanga, akauliza kama nilishawahi kupigwa nyingine ya eneo hilo. Nilimwambia hapana. Akashusha pumzi. Alinieleza kwamba upo upasuaji uliobuniwa miaka ya 1980 na Reinhold Ganz na wenzake mjini Bern, Uswisi, ambapo mfupa unaozunguka kikombe hukatwa na kikombe chenyewe kugeuzwa ili kifunike vizuri kichwa cha fupa la paja. Mgonjwa hubaki na nyonga yake ya kuzaliwa. Lakini upasuaji huo huwafaa zaidi vijana ambao gegedu lao bado ni zima. Langu lilikuwa limeliwa. "Ungekuja miaka kumi iliyopita," alisema, "tungekuwa na mazungumzo mengine."

Miaka kumi iliyopita nilikuwa ninafunga kamba za viatu ambazo hazikuwapo.

Kwangu mimi kilichobaki ni kubadilishiwa nyonga, upasuaji ambao John Charnley wa Uingereza aliuweka kwenye msingi wake wa sasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao hapa nchini unafanyika, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mahali panapojulikana zaidi. Nyonga bandia nyingi hudumu zaidi ya miaka 15, na nyingi hufika 20, lakini ukiwekewa ukiwa bado na umri mdogo upo uwezekano wa kurudia. Kwa hiyo mimi na daktari tumekubaliana kusubiri kadiri maisha yatakavyovumilika, na kusubiri huko kuna kazi yake.

Sasa niungame. Mwezi uliopita, mimi ninayewashauri watu kila siku, nilifanya ujinga uleule wa ujana. Tulikuwa na msiba Mpwapwa. Wanawake wote walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, na viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya mwarobaini kwa ajili ya wanaume na wazee. Nilivitazama viti vile. Nilimkumbuka shangazi aliyewahi kusema, nami nikimsikia, kwamba watu wa wizarani hawajui kukaa chini. Nikavua viatu, nikakunja miguu, nikakaa saa tatu. Ulipofika wakati wa kwenda makaburini wenzangu waliinuka wakijifunga kanga, nami nikabaki nimeshika ukingo wa mkeka, nyonga imekaza kama bawaba yenye kutu. Wanawake wanne waliniinua kwa makwapa. Sikuhudhuria mazishi ya ndugu yangu wa damu. Nilikuwa nimelala ubavu kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi, nikisikia wimbo ukienda mbali. Na aliyeniletea maji ya moto ya kukanda alikuwa shangazi yuleyule, ambaye aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Mdogo wangu, nianze basi na hilo la kusema. Sema kabla hayajauma. Ukisubiri yaume ndipo uombe kiti, utakuwa unaomba kiti na machozi pamoja, na siku kumi zitakazofuata zitakuwa za kitandani. Nimemwagiza fundi seremala wa Majengo anitengenezee kigoda kirefu, kimo chake sentimita 48, ili makalio yawe juu kidogo ya magoti. Aliniuliza ni cha kupikia nini. Nilimwambia ni cha kukalia msibani, akacheka, kisha akaona sicheki, akachukua futi kamba akanipima mguu kuanzia nyuma ya goti hadi kisiginoni kama fundi cherehani anavyopima suruali. Kigoda hicho ninakitumia masijala pia kwenye rafu za chini. Kuchuchumaa nimeacha kabisa, na chooni nimewekewa kiti.

Kuhusu fimbo, nilitembea mwaka mzima nikiishika upande unaouma, kwa kuwa akili inakutuma huko. Mtaalamu wa fiziotherapia alipoiona akaihamisha mkono wa pili bila kusema neno. Fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na nyonga mbovu, nayo husonga pamoja na mguu mbovu, na kwa njia hiyo misuli ya nyonga hupunguziwa kazi ya kushikilia mwili usiyumbe. Tofauti niliisikia siku hiyohiyo, kabla sijafika getini. Kwenye ngazi na kwenye daladala zenye mlango wa juu, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mbovu hushuka kwanza. Bodaboda sipandi, kwa sababu kule kurusha mguu juu ya kiti kunanigharimu kuliko nauli ya bajaji.

Mazoezi ni jambo la kuchosha kulieleza na linachosha zaidi kulitenda. Ninalala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisha ninalala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua kiuno. Ni dakika 15 kila asubuhi. Misuli ya kando ya nyonga ikiwa imara, mwili hauyumbi sana. Uzito nao nimeupunguza kilo tisa, na kila kilo iliyoondoka niliisikia ikiondoka mara tatu. Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapovuma na nyonga kuamka imekaza, ninaanza na chupa ya maji ya moto kwenye kinena kabla sijakanyaga sakafu.

Dawa ndizo zilizoniumiza kwa namna nyingine. Nilikunywa diklofenaki karibu kila siku kwa miaka miwili, nikizinunua dukani kama mtu anayenunua pipi, mpaka tumbo likatoa damu. Dawa za kundi hilo huchubua tumbo na zinaweza kudhuru figo, na hazifai kutumiwa mfululizo bila daktari kujua. Siku hizi mara nyingi ninatumia parasetamoli, na mtu mzima hapaswi kuvuka vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Ninazinywa kabla ya siku ninayoijua kuwa nzito, sio baada yake, na hapo tunarudi palepale pa kutosubiri yaume.

Hatua zenyewe ninazipanga kama mshahara. Najua kila anayenisoma anataka nilichokitaka mimi, shahada ya uzamili, cheo, kiwanja Iyumbu na nyumba yenye geti jeusi, na wengi wenu mnataka vyote mwaka huuhuu. Mimi shahada ya uzamili niliipata hapohapo chuoni kwenu, mdogo wangu, kwenye vilima vile ambavyo aliyeweka majengo mbalimbali namna ile hakuwa na nyonga inayouma. Niliipata kwa kufika saa moja kabla ya kipindi na kukaa, kwa kuahirisha safari zote za sokoni siku za mtihani, na kwa kumlipa dereva mmoja wa bajaji kwa mwezi wakati wenzangu walikuwa wananunua simu mpya. Acheni kushindana na watu wenye nyonga nzima katika mambo ya kutembea. Anayekuita mvivu hatakulipia upasuaji. Anayesema unaringa hatakuinua kutoka mkekani, na kama atakuinua, kama shangazi yangu, basi mwambie mapema akuletee kiti, akina dada, mbona tunapenda kufa kwa adabu?

Nimepanda mimbari, nirudi chini.

Neno kwa wenye watoto. Binti yangu alipozaliwa niliomba nyonga zake zichunguzwe, kwa kuwa tatizo hili hutembea katika familia. Mtoto mchanga hupimwa kwa ultrasaundi, maana mifupa ya nyonga yake bado ni gegedu na eksirei haiioni vizuri katika miezi ya mwanzo. Likigundulika ndani ya miezi sita, mara nyingi hutosha kumvalisha mikanda laini inayoyaweka mapaja yakiwa yametanuka, iliyobuniwa na Arnold Pavlik, bila kisu. Wangu alikutwa salama. Mama yangu alimbeba mgongoni kwa mbeleko, miguu ya mtoto imetanuka kuzunguka kiuno chake, na daktari alimsifu, kwa sababu mkao huo ndio unaoitakia nyonga mema. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto miguu imenyooka kama mzigo wa kuni.

Kwako, mdogo wangu wa miaka 23. Mambo yote niliyosema kuhusu fimbo na dawa yanaweza kusubiri wiki mbili, ila jambo moja haliwezi. Omba picha ya nyonga zote mbili kwa pamoja, sio ya goti wala ya mgongo, na ukikabidhiwa muulize daktari kikombe kinafunika kichwa kwa kiasi gani na gegedu limebaki kiasi gani. Umri wako ndio ule nilioutupa. Kama gegedu bado lipo, uliza waziwazi kuhusu kugeuza kikombe, na ukiambiwa wewe ni mdogo mno kuwa na ugonjwa wa nyonga, tafuta daktari mwingine siku hiyohiyo. Picha uitunze mwenyewe, kwenye bahasha ngumu, usimwachie mtu wa masijala. Ninasema hivyo nikijua masijala zetu.

Fundi wa Majengo nimemwagiza kigoda cha pili. Hakujua kimo chako, kwa hiyo ameacha miguu mirefu ataipunguza ukifika. Kitakuwa tayari Alhamisi.