Presha ni nzuri lakini mgonjwa anazidiwa

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini kijana wa ajali ya bodaboda aliyefika na presha 110/70 alizidiwa ghafla. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza hata lita moja ya damu na presha ikabaki palepale: mishipa inajibana, moyo unakimbia. Presha hushuka mwishoni, ndiyo maana mimi sianzi nayo.

Anza na pumzi. Hesabu dakika nzima ukitazama kifua, usikisie. Nikikuta 18 kwenye kila faili najua hakuna aliyehesabu. Ikifika 25 kwenda juu, ita msaada kabla hujamaliza kujaza karatasi. Kisha shika mikono: ni ya baridi, ina jasho? Bonyeza ukucha sekunde 5, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri.

Akihangaika kitandani, tafadhali msiseme amelewa kabla ya kupima oksijeni na sukari. Damu ilikuwa inavujia wapi siwezi kusema bila kumwona, ila tumbo na nyonga ningezikagua mapema, na vipimo vyote ningevirudia kila dakika 5.